Rova inapoteza fiksi kila baada ya Maghrib, yadi ya Miritini: nijenge besi yangu au nilipie huduma ya setilaiti?

BintiMvita_Saiti

Asalaam aleikum wadau, na poleni na kazi.

Nasimamia kazi ya kutandika yadi ya makontena hapa Miritini, si mbali na stesheni ya SGR. Yadi ilikuwa vumbi tupu kiangazi na tope masika. Sasa tunamwaga murram, tunashindilia, kisha juu zinakuja kabro nzito za kubeba mashine za kuinulia makontena. Kazi yote hii ni mteremko. Mhandisi ametoa sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea mtaro mkuu, na murram isipishane na mchoro kwa zaidi ya sentimita 2. Nikizidisha katikati ya yadi, maji yatatuama chini ya makontena, kabro zitazama, na vijana waliozipanga kwa mikono yao ndio watakaoitwa kuzing'oa. Nimeona hayo kwenye yadi nyingine Changamwe na sitaki kuyaona kwangu.

Greda tumeifunga vifaa vya kuongoza bledi kwa setilaiti. Dereva ana skrini mbele yake, anaona ashushe au ainue kiasi gani. Kuna pia rova, yaani kipokezi cha setilaiti cha mkononi kwenye fimbo, tunakagulia nayo. Marekebisho ya makosa ya setilaiti, yanayotoka kwenye kipokezi kilichosimama mahali panapojulikana (ndiyo besi), tunayapata kwa intaneti kupitia laini ya simu iliyo ndani ya kifaa, tunalipa kampuni moja kwa mwezi. Kituo chao cha karibu kiko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa.

Shida ni tatu. Mchana mambo yanakwenda, fiksi, yaani ule usahihi wa sentimita, inakaa. Lakini kazi nyingi ya greda tunafanya usiku kwa sababu mchana malori hayaishi. Ikifika kama saa moja na nusu usiku fiksi inaanza kukatika. Inarudi, inaruka kuwa floti, yaani ya kubahatisha, inarudi tena. Urefu unacheza sentimita 10, mara 20. Dereva anasimamisha mashine. Hali hiyo huendelea hadi karibu na saa sita, halafu inatulia yenyewe bila mtu kugusa kitu.

La pili, karibu na safu za makontena yaliyobaki upande wa ukuta, fiksi ipo lakini urefu unadanganya. Nikipima nukta ileile asubuhi na alasiri napata tofauti ya sentimita 5 au 6.

La tatu, mchoro wa mhandisi nikiupakia kwenye kidhibiti, ile kompyuta ya kifaa, unakaa nje kabisa ya yadi, umesogea kama mita 300. Tumeuburuta kwa mkono hadi ukakaa, lakini moyo wangu hautulii.

Muuzaji amenijia na dawa moja ya yote: niache marekebisho ya intaneti, nilipie huduma inayoshusha marekebisho moja kwa moja kutoka setilaiti, ada ya mwaka kwa kila mashine. Anasema haitaki besi, haitaki intaneti, na usahihi ni wa sentimita. Mwenye mradi yuko tayari kulipa nikisema ndiyo. Kabla sijasema, nataka kusikia waliofanya kazi hizi pwani yetu. Nilipie, au nijenge besi yangu hapa yadini?

---

Kisauni_Plant

Dada, angalia laini kwanza. Jioni watu wote wako kwenye simu, mtandao unajaa, marekebisho yanachelewa. Sisi tulikuwa na shida hiyo Mtwapa, tukaweka laini ya mtandao mwingine ikapungua. Jaribu hilo kabla hujatumia pesa kubwa.

---

Mzee_wa_Kilindini

Wa aleikum salaam mwanangu.

Nimepima pwani hii nchi kavu na majini tangu enzi ambazo Marekani walikuwa wakiivuruga GPS makusudi kwa raia. Walipoacha, Mei 2000, kifaa cha mkononi kilichokuwa kikikosea hadi mita 100 kikawa kinakosea mita chache, kwa usiku mmoja. Nakutajia hilo kwa sababu tangu siku ile kila muuzaji anauza usahihi, na ni wachache wanaokuuliza usahihi huo umeshikamana na nini. Wewe una maradhi matatu tofauti na unauziwa dawa moja, na dawa yenyewe haitibu hata moja kati ya hayo matatu. Usilipe.

Nianze na usiku, maana hapo ndipo pesa yako inataka kwenda.

Kijana wa Kisauni amekupa jambo la kukagua na ni rahisi. Kwenye kidhibiti kuna namba ya umri wa marekebisho, kwa sekunde. Fiksi inapokatika, itazame. Ikipanda hadi sekunde 10, 20, 30, basi ni laini. Ikibaki sekunde 1 au 2 na fiksi imekwenda, laini haina kosa. Na mimi, kwa saa ulizotaja, naweka shaka yangu juu zaidi, kilomita mia kadhaa juu ya kichwa chako.

Rova inapokupa sentimita haisomi ujumbe wa setilaiti peke yake. Inapima wimbi lenyewe. Wimbi la L1 la GPS, megahezi 1575.42, lina urefu wa sentimita 19 hivi, na kifaa kinaweza kusoma sehemu ndogo sana ya wimbi hilo. Kisichokijua ni mawimbi mazima mangapi yako kati yake na setilaiti iliyo kilomita 20,200 juu. Kikiipata ile namba nzima kwa kila setilaiti, hiyo ndiyo fiksi. Kikiwa bado kinabahatisha kwa desimali, hiyo ndiyo floti. Na kikipoteza wimbi hata kwa nukta ya sekunde, hesabu ya setilaiti hiyo inaanza upya.

Sasa, kati yako na setilaiti kuna ionosfia, tabaka la hewa lililochajiwa na jua. Linachelewesha wimbi. RTK, yaani njia hii ya besi na rova, inafuta ucheleweshaji huo kwa kudhani kwamba besi na rova zinatazama kupitia anga moja. Zikiwa umbali wa kilomita 5, dhana hiyo ni kweli. Zikiwa zaidi ya 100, kwetu hapa, si kweli hata kidogo. Watengenezaji wenyewe huandika kwenye karatasi ya kifaa kitu kama milimita 15 za urefu, ukiongeza milimita 1 kwa kila kilomita ya kutoka besi. Piga hesabu: kwa kilomita 100 umeongeza sentimita 10, na hiyo ni siku anga imetulia. Kazi yako inataka 2.

Na anga yetu haitulii jioni. Ikweta ya sumaku ya dunia haipiti Nanyuki kama ile ya ramani, inapita kaskazini yetu huko Ethiopia. Ionosfia huinuka juu ya ikweta ile ya sumaku kisha humwagika pande mbili, na Mombasa tuko karibu na ukingo wa kusini mahali inapojikusanya nzito kuliko kwingine. Jua likizama tabaka la chini hupotea haraka, la juu huvurugika, na mapovu ya hewa nyepesi hupanda ndani yake. Wimbi likipita humo hufika likimeta kama nyota zinavyometa, nguvu yake inapanda na kushuka ghafla, na kifaa kinaliachia. Huanza muda mfupi baada ya Maghrib na mara nyingi huisha kuelekea usiku wa manane. Ni saa zako zilezile. Miezi mibaya ni Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba. Na jua lenyewe lina mzunguko wa miaka 11 hivi. Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza kwamba limefika kwenye kipindi chake cha kilele. Kwa hiyo miaka inayokizunguka kilele hicho ni ya taabu, na vifaa vilivyofanya vizuri 2019 vinalaumiwa bure.

Sasa fikiria huduma anayokuuzia. Marekebisho yanashuka kutoka setilaiti iliyosimama juu ya ikweta, kwa masafa yaliyo jirani na ya GPS yenyewe, yakipita katika anga hiihii inayochafuka. Usiku mbaya utapoteza setilaiti za kupimia na pengine na marekebisho yenyewe. Tena ile hesabu haishiki papo hapo. Ukiwasha mashine unasubiri dakika, nyingine hata nusu saa, ndipo inatulia kwenye sentimita chache, na ikikatika chini ya jengo unaanza upya. Na sentimita chache hizo ni za ulalo, yaani za mahali kwenye ramani. Urefu daima ni dhaifu zaidi, na wewe biashara yako yote ni urefu.

Sisemi huduma hizo hazina faida. Tulipokuwa tukipima kina kwa mashua nje ya mlango wa Kilindini, mbali na besi ya nchi kavu, hakuna kilichotufaa kama hizo. Bahari yetu inapanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, na ukiwa na urefu wa antena unaouamini huhitaji kumweka mtu kwenye ubao wa maji gatini kutwa nzima. Bomba refu linalopita nyika, barabara ambako hakuna mtandao, shamba la maelfu ya ekari, lipia tu. Yadi moja yenye ukuta pande zote, hapana.

Hata za bure zipo. Galileo ya Ulaya ilifungua huduma yake ya usahihi wa juu tarehe 24 Januari 2023, haina ada, na lengo lake ni sentimita 20 hivi za ulalo. Ili kuipata kutoka setilaiti, kifaa lazima kiwe cha kupokea masafa ya E6. Kwa kujua kontena lipo safu gani, inatosha na kubaki. Kwa mteremko wa kabro haifai.

Jenga besi yako. Moduli za masafa mawili zimeshuka bei sana tangu zilipotoka za aina ya ZED-F9P ya u-blox, huhitaji tena mtambo wa bei ya gari. Simamisha nguzo ya simiti au bomba nene lililozamishwa kwenye simiti, mahali anga iko wazi pande zote. Usiiweke juu ya paa la mabati. Mabati yanapanuka na jua la saa nane na yanarusha mawimbi. Iache irekodi siku nzima, usiku na mchana, uhifadhi faili la RINEX, yaani vipimo ghafi vya setilaiti. Serikali ya Kanada ina huduma ya bure, CSRS-PPP, unaituma faili kwa tovuti na inakurudishia mahali nguzo ilipo kwa barua pepe. Ukisubiri kama wiki mbili ukatuma tena faili lilelile, itatumia obiti za mwisho zilizosafishwa.

Rova ikiwa mita 300 kutoka besi, ionosfia ya pande mbili ni ileile na inafutika. Kumeta kwa mawimbi hakufutiki, maana ni wimbi linalopotea, si ucheleweshaji. Hapo kinachosaidia ni wingi: washa GPS, GLONASS ya Urusi, Galileo na BeiDou ya China zote kwa pamoja, masafa yote uliyo nayo, ili mapovu yakikunyang'anya setilaiti 6 zibaki 20. Usiku utakuwa bora sana, lakini sikuahidi kwamba kila usiku wa Oktoba utakuwa safi. Kwa tabaka la mwisho la murram tumia leza. Weka leza ya kuzunguka kwenye tripodi, kipokezi kwenye bledi ya greda. Leza haina habari na anga, na usiku inaonekana vizuri kuliko mchana.

Mchoro wako nitaurudia, kwanza niswali.

---

Fundi_Kipevu

Nichukue la makontena wakati mzee yuko msikitini.

Nafanya kazi kwenye winchi za yadi, zile za matairi zinazotembea juu ya safu. Huko juu antena zinafanya kazi kwa furaha kwa sababu ziko juu ya kila kitu, na tunaweka mbili kwa kila mashine ili tujue imeelekea wapi, si ilipo tu. Chini ni dunia nyingine.

Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, lile la kimo kikubwa mita 2.90. Yakipangwa manne ni zaidi ya mita 10. Dada akisimama na fimbo ya mita 2 umbali wa mita 5 kutoka kwenye safu hiyo, upande ule anga yote imezibwa hadi nyuzi kama 59 kutoka upeo. Setilaiti zinazobaki ziko juu ya kichwa au upande mmoja, na urefu unaharibika mara moja. Kisha linakuja baya zaidi. Setilaiti za upande wa wazi zinapiga kwenye ubavu wa kontena na kurudi kwa antena. Kifaa kinapokea wimbi la moja kwa moja na lililodunda, kinazichanganya. Fiksi haiondoki, ndiyo maana skrini ni ya kijani, lakini namba imepinda. Na kwa kuwa setilaiti zinatembea, kupinda kwa asubuhi si kwa alasiri. Ndiyo sentimita 5 zako.

Hakuna besi wala huduma ya kulipia inayoondoa hilo, kwa sababu besi haioni chuma kilicho mbele ya rova.

Nionavyo mimi, kama makontena yanaweza kuhamishwa wiki moja, yahamishe. Kama hayawezi, ukanda wa mita 15 karibu na safu upime kwa totali steshoni (kifaa cha kupimia kwa darubini, bila setilaiti) au leza. Kwa setilaiti weka kikomo cha chini cha nyuzi 15 ili zile za karibu na upeo zisiingie kwenye hesabu. Na antena ya greda iwe kwenye mlingoti wake kamili. Nimeona madereva wakiifupisha ili ipite chini ya nyaya, halafu wanasahau kubadilisha urefu kwenye kidhibiti. Pima mlingoti kwa futi kila asubuhi.

---

Mzee_wa_Kilindini

Fundi amesema sawa, na lile la mlingoti liandikeni ukutani ofisini.

Mchoro. Mwanangu, tazama pembe ya chini ya mchoro wa mhandisi. Nina hakika karibu kamili utakuta umeandikwa Arc 1960. Ramani zetu nyingi za Kenya zimejengwa juu ya mfumo huo, kwenye umbo la dunia la Clarke 1880. Rova yako inazungumza WGS84. Nukta moja ya ardhi, ukiiandika kwa mifumo hiyo miwili katika UTM (gridi ya ramani kwa mita) kanda 37 Kusini, inatofautiana kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 100 mashariki-magharibi. Kwenye kidhibiti chagua mfumo unaofanana na mchoro: msimbo 21037 ni Arc 1960, 32737 ni WGS84. Mchoro wako utaruka kukaa karibu na mahali pake.

Karibu, lakini si kamili. Ubadilishaji wa jumla kati ya mifumo hiyo ni wa mita kadhaa, si wa sentimita. Na kuuburuta kwa mkono kama mlivyofanya kunaweza kuficha kwamba mchoro umezunguka kidogo, ambapo mwisho mmoja wa yadi uko sawa na mwingine umeachana. Omba kwa mhandisi nukta zake za udhibiti, zile misumari au bikoni alizozitumia kupima yadi mwanzo. Ziwe 4 au 5, zikizunguka yadi, si zote kwenye lango. Zipime kwa rova ukiwa na besi yako, kisha fanya kalibresheni ya saiti kwenye kidhibiti, yaani kuufunga mchoro kwenye nukta hizo. Itakuonyesha kila nukta imebaki na kosa gani. Kama nukta 4 zina sentimita 1 na moja ina 9, hiyo moja imegongwa na lori. Itoe.

Urefu nao una hila yake. Setilaiti inakupa urefu kutoka umbo la kihesabu la dunia, haikupi urefu kutoka usawa wa bahari. Pwani yetu usawa wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa mita ishirini na kitu. Kule Malindi kuna kituo cha kudumu cha kupokea setilaiti cha mtandao wa kimataifa wa IGS. Antena yake iko nchi kavu, lakini urefu wake kwa hesabu hiyo ni kama mita 20 chini ya sifuri. Kijana asiyejua akiona namba hasi anadhani kifaa kimeharibika. Wewe kalibresheni yako ichukue urefu kutoka benchimaki ya mhandisi, ile nukta ambayo urefu wake unajulikana, na kila siku kabla ya greda kuwaka, rova ikanyage msumari mmoja unaojulikana. Ikikupa tofauti ya zaidi ya sentimita 2, hakuna kazi hadi ijulikane kwa nini.

Hilo la msumari ndilo ningekuomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Mashine inaweza kurudia namba ileile mara mia na bado ikawa yote imehama. Ardhini ndipo unapojua.

---

Ramani_Tudor

Nyongeza fupi ya kisheria. Ukitaka besi itume marekebisho kwa redio ya UHF badala ya intaneti, masafa yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, usiwashe tu. Kwa yadi moja, intaneti au waifai ya saiti inatosha. Na besi yako haikupi ruhusa ya kugusa bikoni za mipaka. Hizo ni za mpima ardhi mwenye leseni, hata kama namba zako ni nzuri kuliko zake.

---

BintiMvita_Saiti

Shikamoo mzee. Shukrani kwenu nyote, Fundi pia.

Nimerudi na majibu. Nilikaa ndani ya kebini ya greda na dereva baada ya Isha. Umri wa marekebisho ulikuwa sekunde 1, mara chache 2, hata wakati fiksi imekatika. Kwa hiyo laini haina lawama, samahani Kisauni. Nikafungua ukurasa wa nguvu za setilaiti. Nyingi zilikuwa 44, 45, zimetulia. Lakini kundi la upande mmoja wa anga lilikuwa linashuka hadi 28, linapanda 43, linashuka tena, kila sekunde chache, na zilikuwa zinatoweka kwenye orodha moja moja. Dereva akaniambia ameona hayo muda mrefu akidhani ni skrini.

Pia tuligundua kifaa kilikuwa kimewekwa GPS na GLONASS peke yake. Galileo na BeiDou zilikuwa zimezimwa tangu kilipokuja. Tumeziwasha. Usiku huohuo fiksi ilikaa muda mrefu zaidi, ingawa bado ilikatika.

Mchoro, Arc 1960 imeandikwa pale pale pembeni. Nimepata nukta 5 kwa mhandisi.

Swali langu la mwisho mzee. Nguzo ikishajengwa nitakuwa na namba kutoka Kanada, na nitakuwa na nukta za mhandisi. Zikipishana, nimwamini nani?

---

Mzee_wa_Kilindini

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, na zile 28 hadi 43 ndizo zenyewe.

Kwa yadi, mwamini mhandisi. Mtaro, lango na yadi ya jirani vyote vimefungwa kwenye nukta zake. Namba ya Kanada iweke kwenye besi kama mahali pa kuanzia, kalibresheni itabeba tofauti. Ukishaiweka usiibadilishe hadi mradi uishe, hata ukipata nyingine iliyo bora kwa sentimita 1. Ukiibadilisha katikati, nusu ya yadi itakuwa na mfumo wake na nusu nyingine wake.

Na iandike pamoja na tarehe. Watu wengi hawalijui hili: ardhi tunayoikanyaga inatembea. Bamba la Somalia, ambalo pwani yetu imo, linasogea kuelekea kaskazini-mashariki karibu sentimita 3 kwa mwaka ukilinganisha na mfumo wa dunia unaotumiwa na huduma hizo. Yadi yote inakwenda pamoja kwa hiyo kabro zako hazijali. Lakini atakayekuja baada ya miaka 10 kupanua yadi, akapima nguzo yako upya kwa setilaiti, atakuta imehama kama sentimita 30 na atasema wewe ulikosea. Tarehe ikiwepo atajua.

Kuhusu muuzaji, muulize kwa maandishi: urefu, si ulalo, mnaahidi sentimita ngapi, Mombasa, kati ya saa moja na saa sita usiku, mwezi wa Oktoba? Na baada ya kukatika, dakika ngapi hadi urefu urudi? Akijibu kwa namba na akakubali ziingie kwenye mkataba, mpe mashine moja ajaribu. Asipojibu, umeshajua la kufanya.

---

BintiMvita_Saiti

Nimemtumia maswali hayo leo, neno kwa neno. Mwenye mradi amekubali tusimamishe ada ya mwezi mara besi itakapowaka, na pesa hiyo ikodishe leza. Ratiba nimeigeuza: kusambaza murram usiku, tabaka la mwisho kuanzia alfajiri hadi malori yaanze, na ukanda wa makontena kwa totali steshoni. Msumari wa kukagua tumeupiga kwenye kizingiti cha simiti cha ghala, mbali na njia ya malori, na umepakwa rangi nyekundu. Simiti ya nguzo inamwagwa Jumamosi. Faili la RINEX nikilipata nalileta hapa, mzee ulitazame kabla sijalituma.

---

Mzee_wa_Kilindini

Lilete. Acha irekodi kila sekunde 30, saa 24 kamili, na upige picha ya antena na futi ikiwa imesimamishwa kando yake kutoka kwenye alama ya nguzo.